Nimechaguliwa kuongoza wenzangu, sasa kazi zote nafanya mimi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 16. Mimi ni Myahudi, nilizaliwa Nairobi, na miaka minne iliyopita tulihamia Minneapolis, Marekani. Nyumbani bado tunazungumza Kiswahili. Mwezi wa Mei nilichaguliwa kuwa rais, au n'siah kama tunavyosema, wa tawi la wasichana la chama cha vijana wa Kiyahudi hapa mjini. Kwenye daftari tuko 22. Septemba walikuwa wakija 16. Jumapili iliyopita tulikuwa 7, na wawili kati yao waliletwa na mama zao kwa nguvu.

Natuma ujumbe kwenye kundi la simu, naomba ukumbi wa sinagogi, nanunua vitafunio, hata kumbukumbu za mkutano naandika mimi kwa sababu katibu husahau. Mkutano mmoja unakula saa mbili. Makamu wangu, ambaye ni rafiki yangu wa karibu, alikubali kuandaa sherehe ya Hanukkah, sikukuu yetu ya kuwasha mishumaa. Hadi wiki ya kwanza ya Novemba hakuwa amefanya lolote, nikaichukua nikaanza kuiandaa mwenyewe. Tangu siku hiyo hanisemeshi.

Hisabati nimeshuka kutoka A hadi C na mama anataka niache. Halafu kuna hili: kila wakikosa mada, wenzangu wanasema, "Wewe tuambie kuhusu Wayahudi wa Afrika." Najiona kama kitu cha maonyesho.

Watu waliniambia uongozi utanikomaza. Mimi naona unanichakaza tu. Nijiuzulu?

Binti wa Minneapolis

*

Marahaba, mwanangu.

Usijiuzulu wiki hii, na usiahidi kubaki pia. Weka alama kwenye kalenda, Jumapili 31 Januari 2027. Siku hiyo ukae na mama pamoja na mlezi wa tawi, yule mtu mzima anayewasimamia kwa niaba ya chama, muamue. Ukiacha sasa, umechoka na rafiki hakusemeshi, hutajua kama kilichokushinda ni cheo au ni namna ulivyokibeba. Mama mpe tarehe hiyo leo leo, na umwekee sharti linalopimika: alama za hisabati zisipopanda kwenye mtihani ujao, mnaamua mapema zaidi.

Waliokuambia uongozi unakomaza hawakudanganya, ila hawakukuonyesha mahali penyewe. Ni katika dakika chache zenye kukereketa: unapouliza "nani ataichukua kazi hii?" na ukimya ukajaa chumbani, unapoona jambo linafanywa vibaya kuliko ambavyo ungelifanya wewe, na ukaliacha, unapomwomba radhi mtu uliyemzidi cheo. Anayefanya kila kitu peke yake anazikwepa dakika hizo zote. Kununua vitafunio kwa watu 22 ni kazi, lakini haikufundishi jambo ambalo hukulijua.

Tuanze na rafiki yako, maana hapo ndipo palipoharibika zaidi. Ulimwachia neno "Hanukkah" tu, bila kumkabidhi kitu. Jiulize: alijua watu wangapi wanatarajiwa? Alikuwa na dola ngapi? Alitakiwa kuwa amefika wapi kufikia 1 Novemba? Kama hakuna aliyemwambia, basi alikuwa akisubiri kuelezwa, nawe ulikuwa ukisubiri kuona matokeo, na ninyi wawili mkadhani mwenzenu ni mvivu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Kisha ulipoichukua, ulimwambia mbele ya tawi zima kwamba hawezi, hata kama mdomo wako haukusema hivyo.

Nenda umwone uso kwa uso. Usimwandikie. Sema maneno yasiyozidi haya: "Nilikupa kazi bila kukueleza, halafu nikakunyang'anya bila kukuuliza. Nimekosa." Hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Neno "lakini" ndilo hubomoa radhi nyingi za vijana, na za wazee pia. Akikulaumu, sikiliza mpaka amalize. Ukishamaliza, usimrudishie Hanukkah nzima zikiwa zimebaki wiki tatu, maana utakuwa umemtwisha aibu. Gawaneni: yeye achukue mishumaa na michezo, wewe umalize chakula. Na hapo hapo mkabidhi sikukuu ya Purim iwe yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kukabidhi kazi kuna vitu vitano na kimoja kikikosekana inarudi mikononi mwako: matokeo yanayotakiwa, tarehe ya mwisho, fedha, mambo ambayo hana ruhusa kuyabadili, na siku ya kati mtakayoangaliana. Kwa Purim itakuwa hivi: "Jumapili 21 Machi, muda wa saa mbili, watu 15, dola 60, chakula kiwe cha kosher, yaani kinachokubalika kwa sheria ya Kiyahudi, ukumbi haubadiliki. Mengine ni yako. Tutazungumza 21 Februari." Siku ya kati ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hanukkah ilikwama kwa sababu mliangaliana mara moja tu, tayari mmechelewa.

Hapo kwenye Purim kuna mtego. Matawi mengi hunakili kalenda ya mwaka uliopita. Mwaka 2026 Purim ilikuwa 3 Machi, lakini mwaka wa Kiyahudi 5787 una mwezi wa ziada, Adar wa pili, kwa hiyo Purim inaangukia 23 Machi 2027, ikianza jioni ya tarehe 22. Mkinakili mtasherehekea wiki tatu kabla ya siku yake. Pasaka ya Kiyahudi nayo inasogea, inaanza jioni ya 21 Aprili.

Katibu wako ni mwepesi kumtengeneza. Mnamwita mazkirah, na neno hilo limetoka kwenye mzizi wa kukumbuka, ule ule ambao Kiarabu kiliutumia kutupatia "dhikiri". Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kukumbusha. Kuandika ni njia tu. Mpunguzie: aandike maamuzi peke yake, kila uamuzi mstari mmoja wenye jina la mtu na tarehe, na autume kwa wote kabla hajatoka ukumbini. Kumbukumbu za kurasa tatu husahaulika kwa sababu hazimaliziki, na zikimalizika hakuna anayezisoma.

Sasa mkutano. Saa mbili ni nyingi mno. Weka dakika 40. Tatu za kufungua na kuhakikisha akidi ipo. Kumi za taarifa, lakini mtu atoe taarifa ikiwa tu kuna jambo la kuamuliwa. Habari nyingine ziende kwenye ujumbe wa maandishi. Kumi na tano za hoja moja kubwa, moja tu. Saba za kugawa kazi kwa majina. Tano za mwisho ziwe za neno la heri: nani amefaulu, nani anaumwa, nani wa kushukuriwa. Hizo tano usizikate hata mkichelewa, ndizo huwafanya watu warudi.

Kwenye hoja kubwa fuata utaratibu mzima: mtoa hoja, mwunga mkono, mjadala, kura. Ukitaka kuchangia, mpe makamu kiti kwanza, kwa sababu mwenyekiti anayebishana na wajumbe wake huua mjadala. Na ukiuliza nani ataichukua kazi, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema "basi nitafanya mimi". Wenzako wameshajifunza kwamba huvumilii zaidi ya sekunde tatu. Hatua hii inauma, na wiki ya kwanza kazi moja au mbili zitakosa mwenyewe. Ziache zikose. Ikiwa ni vitafunio, mkutano ukapita bila vitafunio, hakuna atakayekufa.

Kuhusu mahudhurio, 16 wa Septemba walikuwa na uchangamfu wa shule kufunguliwa, usiwafanye kipimo. Mkiwa 12 kila mara katikati ya baridi, tawi lenu ni zima. Waliopotea, wengi wamepotea kwa mambo mawili. La kwanza, ujumbe wa kundi haumwaliki mtu yeyote. Gawa daftari la 22 kwa viongozi watano: wawili wapate majina matano kila mmoja, watatu wapate manne. Kila kiongozi ampigie au amwandikie mtu mmoja mmoja siku tatu kabla, kwa jina lake, akimtajia jambo moja linalomhusu. Anayekuja mara ya kwanza apokewe mlangoni na mtu aliyepangwa, akae karibu naye, na aandikiwe ndani ya siku mbili. Usimwachie achague kiti mwenyewe, maana atakaa pembeni ya kikundi cha marafiki ambao hawatageuka, na hutamwona tena.

La pili ni giza. Wewe umetoka mahali ambapo jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo huenda hukulifikiria hili. Minneapolis mwezi wa Desemba linazama saa kumi na nusu jioni. Msichana wa miaka 14 hawezi kufika bila dereva. Na msidhani wale wa miaka 16 watawabeba wenzao wanne wanne: sheria ya Minnesota inamruhusu dereva mpya, katika miezi 6 ya kwanza ya leseni yake, kubeba abiria mmoja tu aliye chini ya miaka 20 ambaye si wa familia yake, labda awe na mzazi garini. Tafuteni wazazi wanne wa kuendesha kwa zamu, na orodha hiyo aitunze anayehusika na uanachama, siyo wewe.

Giza hilo hilo lina faida. Msimu huu mnaweza kukutana Jumamosi jioni mkafunga Sabato pamoja kwa Havdalah, na katikati ya Desemba inawezekana baada ya saa kumi na moja na nusu. Mwezi wa Juni jua linazama saa tatu usiku, hapo haiwezekani kwa watoto wa shule. Mnahitaji kikombe cha juisi ya zabibu, mshumaa mmoja uliosokotwa wenye tambi zaidi ya moja, na manukato. Karafuu na mdalasini vinatosha kabisa, na harufu hiyo wewe unaijua tangu utotoni. Baraka ni nne: ya divai, ya manukato, ya moto, na ya kutenganisha. Yote dakika kumi. Mpe kila mara mtu tofauti aongoze baraka moja. Wasichana wengi wenye haya husimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza hapo, kwa sababu taa zimezimwa.

Hanukkah yenyewe inaanza jioni ya Ijumaa 4 Desemba. Mkifanya Jumapili 6 Desemba ni usiku wa tatu, kwa hiyo kila kinara kinahitaji mishumaa 4, yaani mitatu na shamash wa kuwashia. Pakiti moja huwa na 44, inayotosha kinara kimoja kwa siku zote nane, au vinara 11 kwa usiku huo mmoja. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia na kuwashwa kuanzia kushoto, ule mpya ukiwa wa kwanza. Baraka ni mbili. Ile ya tatu, Shehecheyanu, ni ya usiku wa kwanza kwa wanaowasha mara ya kwanza. Tandazeni karatasi ya aluminiamu chini ya vinara na mwulize msimamizi wa jengo kuhusu ving'amuzi vya moshi mapema, siyo usiku ule.

Chapati za viazi, latke, kwa watu 15 wanaokula tatu tatu zinataka kama kilo 2 na nusu za viazi, vitunguu 3, mayai 5 na gramu 150 za unga. Kinachoziharibu ni maji. Viazi vilivyokunwa vikamuliwe kwenye kitambaa safi kama unavyokamua tui, mpaka pasidondoke kitu, la sivyo mafuta yataruka na chapati zitakuwa uji. Lakini kabla ya viazi uliza swali hili: jiko la sinagogi linaruhusu nini? Majiko mengi ya kosher hayapokei chakula kilichopikwa nyumbani kwa mtu, hata awe mcha Mungu kiasi gani, wala sufuria kutoka nje. Matawi hufika na sinia zimejaa, yakarudishwa mlangoni. Ama mpike humo humo chini ya msimamizi wao, ama mnunue vilivyofungwa vyenye alama ya kosher. Wala nyama isiwepo mezani, na hapo kila mtu ataweza kula latke na malai.

Masomo. Wiki moja andika kila dakika unayotumia kwa tawi, pamoja na simu. Nadhani utakuta saa nane au kumi. Zishushe ziwe nne. Kazi zako zibaki hizi: kuongoza mkutano, kuzungumza dakika kumi na kila kiongozi kwa wiki, kuwasiliana na mlezi, na kutazama wiki sita mbele. Ukumbi ni wa makamu, vitafunio na stakabadhi ni vya mweka hazina, tena fedha zihesabiwe na watu wawili kila mara. Kundi la simu ni la katibu. Ujiondolee hata uwezo wa kulisimamia kundi hilo, maana vidole vitakuwasha.

Kitu kimoja usimkabidhi rika lako wala usikibebe mwenyewe. Mwanachama akikuambia anajiumiza, au anaumizwa, mlezi ajue siku hiyo hiyo. Usimwahidi siri kabla hajasema.

Mwenzako anayeshughulikia urithi wa Kiyahudi naye apate kazi yenye uzito. Sehemu ya Torati iitwayo Yitro itasomwa sinagogini Sabato ya 30 Januari 2027, na ndani yake, Kutoka 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa akiamua kesi za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, anamwambia atachakaa yeye pamoja na watu wake, ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Aizungumze kwa dakika tano mbele ya tawi. Usimwambie kwa nini umeichagua.

Na haya maonyesho ya Afrika. Unayo haki ya kukataa, na jibu fupi linatosha: "Hiyo ni mada ya tawi, siyo yangu. Nani atasoma?" Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ambao jumuiya yao iliasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wana rabi wao, Gershom Sizomu. Wewe wa Nairobi huna wajibu wa kuwasemea, kama vile msichana wa Minneapolis asivyowasemea Wayahudi wa Argentina.

Lakini iko mada moja ambayo ningeipanga Jumapili 24 Januari, kwa sababu inafundisha utaratibu wa mkutano kuliko semina yoyote. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi wapewe ardhi Afrika Mashariki. Mpango uliitwa wa Uganda, lakini ardhi iliyotajwa ni nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Mauaji ya Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika Urusi ya wakati huo, yalikuwa yametokea miezi michache kabla. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, aliupeleka mpango mbele ya Kongamano lao la Sita kule Basel, Uswisi, na kura 295 dhidi ya 178 zikaruhusu tume iende kuikagua ardhi. Kongamano la Saba, mwaka 1905, likaukataa.

Fanyeni mjadala huo upya kwa dakika 90. Makundi matatu ya watu wanne: waliotaka kupokea, waliopinga (wajumbe wengi wa Urusi walikuwa upande huu, ingawa ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi), na wenyeji wa nyanda zile, yaani Wanandi, na Wamaasai ambao waliwatangulia na wakaacha jina. Kundi la tatu lipewe nafasi ya kusema lakini lisipewe kura, maana Basel hakuna aliyewaita. Mtaona wasichana wenyewe wataanza kulalamika, na hapo mjadala unakuwa wa kweli. Wape kurasa mbili za kusoma wiki moja kabla. Dakika 15 makundi yajipange, dakika 6 kila kundi liseme, dakika 25 za maswali na marekebisho ya hoja, kisha kura, kisha dakika 20 za kuzungumza kilichowakera. Dakika 12 zilizobaki zitaliwa na kuchelewa. Kinachoharibu zoezi hili ni mzaha, kwa hiyo sheria itangazwe mwanzoni: hakuna kuiga lafudhi, hakuna mavazi.

Kiti cha mwenyekiti akikalie makamu wako. Wewe chukua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na usinyooshe mkono mpaka kura ziwe zimehesabiwa.

Shangazi